ADABU YA KUPISHANA KWA BAISIKELI

Njia nyembamba si mali ya mtu mmoja. Katika sehemu nyingi za Kenya, njia ile ile hupitwa na wapanda baisikeli, na mama aliyebeba kuni mgongoni, na watoto waendao shule, na mchungaji mwenye ng'ombe wake. Hata katika msitu wa Karura, mjini Nairobi, wapanda baisikeli hukutana na watu watembeao kwa miguu. Basi yafaa kila mpanda baisikeli azijue desturi za kupishana, maana kosa dogo laweza kumvunja mtu mguu.

Kwanza, sheria ya barabara za Kenya ni kushika upande wa kushoto, na desturi hiyo yafaa njiani pia. Wapanda wawili wakikabiliana, kila mmoja ashike kushoto kwake na kupunguza mwendo. Atakaye kumpita aliye mbele yake ampite kwa kulia, akiisha kuona kwamba njia ni nyeupe. Asipite penye kona wala karibu na kilele cha kilima, kwa kuwa hamwoni ajaye.

Pili, kengele ni hodi ya mpanda baisikeli, na hodi hupigwa kabla ya kuingia. Mtu aendaye mwendo wa kilomita 18 kwa saa hupita mita 5 kila sekunde. Akikawia sekunde moja tu kushika breki, amekwisha kwenda mita 5. Kwa hiyo apige kengele angali mbali. Akipiga karibu mno, mwenye kutembea hushtuka, akarukia mbele ya gurudumu. Tena huenda mtu huyo ni mzee asiyesikia vizuri. Asipogeuka, mpanda ashuke na kumpita polepole kwa miguu.

Tatu, penye mteremko, anayeshuka ampishe anayepanda. Anayeshuka huhitaji nafasi kubwa zaidi ili asimame, na anayepanda, hasa mwenye madebe ya maziwa nyuma, akisimama hupata taabu kuanza tena.

Nne, breki zikaguliwe kabla ya safari, na giza likiingia taa iwashwe.

Mwisho, aliyepishwa aseme asante. Neno hilo halina gharama, na kesho aliyempisha atampisha tena kwa moyo mweupe. Mwenda pole hajikwai.