Mzee wa asali alinikimbia, na hakukosea

Ndugu zangu wafanyabiashara, leo hatuongelei bei. Tunaongelea nani afanye biashara na nani.

Mimi nauza asali hapa Tabora mjini. Msimu mmoja nilikubaliana na mzee wa Sikonge aniwekee ndoo 30, nami nimlipe kidogo kidogo kadiri ninavyouza. Nikapokea advansi ya duka moja la Mwanza. Mwezi wa sita mzee akapiga simu: "Mwanangu, kuna bwana wa Dar kaja na lori, kachukua zote, kalipa taslimu." Hela ya watu nikairudisha kwa kukopa. Nilimlaumu mzee mwezi mzima.

Baadaye nikashika kalamu. Mzee anavuna kwa mkupuo, anataka mtu wa kuzoa yote siku hiyo hiyo. Bwana wa Dar naye anataka mzigo wa kujaza lori, ila kabla ya hapo alikuwa akinunua kwa kikundi cha vijana wa Kaliua, wanaotoa ndoo tatu tatu kwa wiki. Lori linasubiri, gharama inapanda. Na mimi? Mtaji wangu ni wa ndoo tatu! Yaani mimi nilikaa kwa mzee, yeye akakaa kwa vijana, tumekaa vibaya wote.

Hili lina hesabu yake. Mwaka 1962 Wamarekani wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika kuhusu kupatanisha pande mbili ili mpangilio usivunjike. Mpangilio unavunjika wakiwepo watu wawili wasio pamoja, ambao wote wawili wangependa kuwaacha walio nao wakachukuana. Zingatia hapo, WOTE WAWILI. Mzee kumtamani bwana wa Dar peke yake kusingenidhuru. Shapley alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012, pamoja na Alvin Roth.

Mwaka 2008 Michael Ostrovsky akaipeleka hesabu hiyo kwenye mnyororo mzima, kuanzia mzalishaji hadi muuzaji wa mwisho. Hapo kuwaangalia wawili hakutoshi. Bwana wa Dar na mzee wasingekutana bila mwenye lori aliyekubali kuingia Sikonge. Watatu hao kwa pamoja ndio walionitoa. Kwa hiyo ukitafuta nani atakuvunjia dili, muulizie na dereva.

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kulijua hili zamani. Enzi za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba pembe kiangazi, mvua zikikaribia akataka kurudi kwake kulima. Mwenye msafara aliyepanga safari bila kulikumbuka shamba la mpagazi aliachwa njiani na mizigo yake.

Sasa kitu kilichonifaa zaidi. Katika njia ya Gale na Shapley, upande mmoja unaomba. Unaanza na unayempenda kuliko wote, akikukataa unaenda kwa wa pili. Anayeombwa anamshikilia aliye bora kati ya waliokuja, bila kufunga mkataba hadi maombi yaishe. Mwisho wake mpangilio ni tulivu, na kila mwombaji anapata mwenzi bora kabisa anayewezekana katika mpangilio wowote tulivu. Anayesubiri kuombwa anaambulia wa chini kabisa kati ya hao. Sokoni mambo hayaendi kwa unyoofu huo, lakini mimi miaka yote nilikaa dukani nikisubiri wenye asali waje. Nilikuwa upande wa kuambulia!

Mwaka huu nikapanda gari mwezi wa nne, kabla ya msimu, nikaenda Kaliua mwenyewe. Sikuwaahidi bei kubwa. Niliwaambia nachukua ndoo tatu kila wiki. Wakaniuliza swali moja tu: wiki ambayo Mwanza hawajanunua, utatulipa na nini? Nimerudi nyumbani nalipigia hesabu hilo.