MBWA HUJIFUNZAJE KUTII? Somo la "Tulia" na "Njoo"

Katika vijiji vingi vya mikoa ya Shinyanga na Geita, mbwa hulinda kaya usiku na kufuatana na wachungaji mchana. Ni mnyama wa kazi, lakini mara nyingi hakuna anayemfundisha kazi hiyo. Huachwa ajifunze mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba anapotakiwa kusimama hasimami, na anapoitwa haji.

Upungufu huu si mdogo. Geita ni nchi ya dhahabu. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo yaliyokwisha kuachwa, yapo mashimo marefu yasiyofunikwa ambayo hufichwa na nyasi. Mbwa anayemkimbiza sungura mahali hapo aweza kutumbukia, na mtoto anayemfuata aweza kutumbukia pia. Madimbwi ya kuoshea dhahabu nayo huweza kuwa na zebaki, ambayo ni sumu.

Tena kuna kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Hata hivyo, ugonjwa huzuilika kwa kuwachanja mbwa: wataalamu hushauri kwamba wachanjwe angalau 70 katika kila 100. Siku ya chanjo, mara nyingi ni watoto wanaowapeleka mbwa kituoni. Mbwa asiyekuja aitwapo, au asiyetulia akishikwa, hurudi bila chanjo. Hivyo utii wa mbwa ni jambo la usalama wa kaya nzima.

Kanuni ya msingi

Mwaka 1898 Edward Thorndike wa Marekani alichapisha habari za majaribio yake juu ya paka waliofungiwa katika masanduku. Ili atoke na kupata chakula, paka alipaswa kufanya tendo fulani, kama vile kuvuta kamba. Mara ya kwanza alihangaika ovyo mpaka akafungua kwa bahati. Kadiri alivyorudishwa sandukuni, ndivyo muda wa kutoka ulivyozidi kupungua. Thorndike alihitimisha kwamba tendo linalofuatwa na matokeo mema huelekea kurudiwa.

Tanzania yenyewe inao mfano mzuri. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akifanya sawasawa husikia mlio mfupi wa kidude, kisha hupewa chakula. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, aligundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70 huko Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Hakufundishwa kwa fimbo.

Mbwa naye hujifunza kwa njia hiyo hiyo. Neno "njoo", liwe la Kiswahili au la Kisukuma, kwake ni sauti tu. Maana yake huijua kutokana na yale yanayofuata baada ya kutii.

Maandalizi

Zinahitajika kamba ya katani ya mita 10, ukanda laini wa shingoni, na vipande vya dagaa au nyama, kila kimoja kisichozidi ukubwa wa harage. Mbwa awe wa nyumbani, anayefahamika na aliyekwisha kuchanjwa. Mafunzo yafanyike kabla mbwa hajashiba, kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

Amri ya "Tulia"

1. Mbwa akiwa ameketi, mfundishaji aseme "Tulia" mara moja, huku akionyesha kiganja.

2. Ahesabu sekunde 2, kisha ampe mbwa chakula angali ameketi.

3. Aongeze muda polepole: sekunde 5, 10, 20, hadi dakika moja.

4. Muda ukishazoeleka, aongeze umbali: hatua moja, mbili, tano. Kila anapoanza umbali mpya, apunguze muda.

5. Mwisho aongeze vishawishi, kama vile kuku au watoto wanaocheza.

Muda, umbali na vishawishi visiongezwe kwa pamoja. Hii ndiyo kanuni ya maabara: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mbwa akiinuka asipigwe. Arudishwe mahali pake, na zoezi lirahisishwe.

Amri ya "Njoo"

Mbwa afungwe kamba ndefu. Mfundishaji arudi nyuma hatua chache, achuchumae, na aseme "Njoo" mara moja kwa sauti ya furaha. Mbwa akifika, apewe chakula papo hapo. Umbali uongezwe kutoka mita 2 hadi 10. Kamba iondolewe baada tu ya mbwa kuja mara 8 au zaidi katika kila 10, na kwanza iwe ndani ya ua.

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Mchungaji anamwona mbwa wake akiwafukuza mbuzi. Anamwita mara tano bila mafanikio. Mara ya sita mbwa anakuja, naye anapigwa fimbo. Mchungaji anadhani ameadhibu kosa la kufukuza mbuzi. Lakini tendo lililotangulia fimbo ni lipi? Ni kuja. Mbwa amefundishwa kwamba kuitwa ni hatari, na kesho atakaa mbali zaidi. Zaidi ya hayo, miito mitano ya bure imemfundisha kwamba neno "njoo" halina uzito. Kwa hiyo mbwa anayekuja, hata akichelewa, asiadhibiwe kamwe.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wenye mbwa nyumbani waweza kufanya jaribio hili kwa siku 14, kwa idhini ya wazazi. Kila siku mbwa aitwe mara 10 kutoka umbali wa mita 5, mahali palepale na saa ileile. Idadi ya mara alizokuja kabla ya sekunde 5 kupita iandikwe katika jedwali. Mwishoni ichorwe grafu: siku ziwe katika mhimili wa mlalo, na mafanikio katika mhimili wa wima. Mstari hautapanda kwa unyoofu; siku za kurudi nyuma ni sehemu ya kujifunza, nazo ziandikwe kwa uaminifu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini chakula kitolewe papo hapo, wala si baada ya dakika moja?

2. Mbwa wawili wamefundishwa, mmoja ndani ya ua na mwingine sokoni. Je, matokeo yao yaweza kulinganishwa? Eleza.

3. Mwanafunzi aliyejibu swali kimakosa akachekwa, kesho yake hanyooshi mkono. Linganisha habari hii na ile ya mbwa wa mchungaji.