SOMO LA MFANYAKAZI: SAKAFU ILIYOACHANA NA JAMVI



Wengi wetu hapa Kampala na vitongoji vyake tumejijengea vyumba viwili vitatu pole pole, mshahara kwa mshahara. Na wengi wameliona jambo hili: mwaka haujaisha tangu sakafu ipigwe, nayo yapasuka, yanyanyuka pembeni, na mguu wa kitanda watoboa shimo. Huitwa fundi, naye hupaka saruji juu ya ufa. Baada ya miezi michache ufa hurudi pale pale. Fedha imeliwa mara mbili. Somo la leo laeleza kwa nini, na namna ya kutengeneza mara moja tu.

1. KWA NINI SAKAFU HUACHANA

Sakafu ya saruji ina matabaka mawili. Chini ni jamvi, yaani zege la kokoto. Juu ni lipu ya mchanga na saruji, unene wake sentimita 3 au 4. Lipu haina nguvu peke yake. Hubebwa na jamvi. Ikiachana nalo, hukaa juu ya hewa, na hewa haibebi kitu.

Sababu zake ni hizi:

(a) Jamvi halikusafishwa. Vumbi, udongo wa viatu, rangi au mafuta hubaki katikati, na lipu haigusi zege.
(b) Jamvi lilikuwa laini mno, lipu ikakosa pa kushika.
(c) Jamvi lilikuwa kavu, likanyonya maji ya lipu.
(d) Mchanganyiko ulitiwa maji mengi au saruji nyingi. Lipu ya namna hiyo husinyaa na kujikunja kingo.
(e) Lipu iliachwa ikauke upesi. Kumbuka: saruji haigandi kwa kukauka kama nguo juani. Hugandishwa na maji. Ikiyakosa siku za kwanza, haitapata nguvu yake.

2. KUPIMA KABLA YA KUVUNJA

Gonga sakafu yote kwa kipande cha chuma. Penye sauti nzito pameshikana; panapolia kama ngoma pameachana. Pazungushie chaki.

Si kila panapolia pavunjwe. Mahali padogo, pasipo ufa na pasipocheza mguuni, paache. Penye ufa, panapocheza, au penye kubeba vitu vizito, pang'oe. Ikiwa sehemu kubwa ya chumba inalia, ng'oa yote.

Angalia na jamvi lenyewe. Likiwa limedidimia, au maji yakipanda kutoka chini, lipu mpya haitasaidia. Katika mabonde kama Bwaise na Kalerwe, ambako maji hujaa wakati wa mvua, shughulikia maji kwanza.

3. KAZI YENYEWE

Vyombo: nyundo, tindo, brashi ya waya, ndoo, karai, mwiko, pimamaji na ubao ulionyooka.

Kwanza: Kata kingo za sehemu mbovu zisimame wima, kisha ng'oa lipu hadi kwenye zege.

Pili: Chokoachokoa uso wa jamvi kwa tindo mpaka kokoto zionekane. Sugua kwa brashi, fagia, osha, fagia tena. Pitisha kiganja: kikitoka na vumbi, kazi haijaisha.

Tatu: Lowesha jamvi usiku kucha. Asubuhi ondoa maji yaliyotuama. Libaki na unyevu, lisiwe na madimbwi.

Nne: Changanya saruji sehemu 1 na mchanga safi sehemu 3 au 4. Pima kwa ndoo, si kwa macho. Kuujaribu mchanga, tia kiasi katika chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Tope nene likikaa juu, usiutumie. Tia maji kidogo kidogo. Finyanga konzi moja: ishikamane kama tonge, wala isitoe maji. Kwa sehemu 1 kwa 3, mfuko wa kilo 50 watosha karibu mita mraba 2 na nusu kwa unene wa sentimita 4.

Tano: Koroga saruji na maji iwe kama uji mzito. Sugulia uji huo kwenye jamvi na kwenye kingo. Usipake chumba kizima. Paka eneo dogo, kisha weka lipu papo hapo uji ungali mbichi. Uji uliokauka hutenganisha badala ya kuunganisha.

Sita: Shindilia lipu kwa nguvu, sawazisha kwa ubao, malizia kwa mwiko.

Saba: Ikishaanza kushika, funika kwa magunia yaliyolowa au nailoni. Yaweke na unyevu siku 7. Vitu vizito vingoje siku hizo zipite.

4. AFYA

Vumbi la zege hudhuru mapafu. Nyunyiza maji unapovunja, funika pua na mdomo, kinga macho. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole bila mtu kuhisi. Usipige magoti juu yake. Vaa glavu na buti, na uoge mara moja ikikupata.

5. MAPATANO NA FUNDI

Hapa ndipo penye kiini. Sisi hulipia tunachokiona: uso wa sakafu unaong'aa. Fundi naye, akipewa bei ya chumba kizima, huiruka siku ya kusafisha, maana hakuna aliyeilipa. Basi tupatane naye hivi: siku ya kusafisha jamvi ilipwe kama kazi, mwenye nyumba alikague jamvi kabla halijafunikwa, na salio litolewe baada ya siku 7, sakafu ikisha gongwa mbele ya wote wawili. Fundi ni mfanyakazi mwenzetu. Tusimbane kwa bei, kisha tukamlaumu kwa haraka.

Kadhalika kiwandani. Sakafu iliyobomoka huangusha mkokoteni na kuvunja mguu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 yamtaka mwajiri atunze mahali pa kazi pawe salama. Toeni habari kwa kamati yenu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kupaka saruji juu ya ufa hakuponyi sakafu?
2. Gongeni sakafu ya mahali mnapokutana. Wapi panalia, na kwa sababu gani?
3. Katika kazi yenu, ni sehemu ipi isiyoonekana na isiyolipwa, ambayo ikirukwa kazi yote huharibika?