Mboga Changa na Mbolea Yake

Mkulima wa Machakos ajua vema kwamba mvua haimngoji mtu. Mvua za Oktoba na za Machi zikinyesha, mboga hujaa sokoni na bei hushuka. Kiangazi kikiingia, mboga huadimika na bei hupanda. Kwa sababu hiyo wenye maji ya kisima au bwawa hupenda kupanda mboga zinazovunwa zingali changa, maana fedha yake hurudi upesi. Lakini wengi huuliza: je, yafaa kuzitia mbolea, au ni kutupa fedha?

Jibu lategemea umri wa mboga siku ya kuvunwa. Mbegu ni kama msafiri aliyefungiwa masurufu nyumbani. Kwa safari fupi, masurufu yatamtosha. Kwa safari ndefu, hana budi kutafuta chakula njiani.

Kwanza, ziko mboga ndogo kabisa zinazopandwa kwa kusongamana katika sinia, na kukatwa baada ya siku 7 hata 14. Hizi huishi hasa kwa chakula kilichomo ndani ya mbegu. Njegere, ambayo punje yake ni kubwa, haihitaji mbolea kwa siku hizo chache. Mchicha una mbegu ndogo sana. Ukikaa siku nyingi zaidi waweza kufaidika kwa mbolea kidogo iliyoyeyushwa katika maji safi. Samadi isitiwe kamwe katika masinia hayo, kwa kuwa mboga hizi huliwa mbichi, na vijidudu vya kinyesi huleta ugonjwa wa tumbo.

Pili, uko mchicha ung'olewao baada ya wiki 3 au 4. Huu humaliza upesi chakula cha mbegu yake, kisha hutegemea udongo. Hapa mbolea ina kazi kubwa, maana udongo wa sehemu nyingi za Machakos hauna naitrojeni wala fosforasi ya kutosha. Kwa kitalu chenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 10, madebe 2 ya samadi iliyooza yachanganywe na udongo kabla ya kupanda. Ikiwa majani yana rangi ya manjano baada ya wiki 2, gramu 100 za mbolea ya CAN zaweza kunyunyizwa kati ya mistari, mbali na majani, na maji yatiwe mara moja. Mbolea hiyo isitiwe katika udongo mkavu, kwani itaunguza mizizi.

Tatu, iko sukuma wiki, ambayo huchumwa majani kwa miezi mingi. Hiyo hulishwa kidogo kidogo, si mara moja tu.

Samadi yenyewe yataka kutunzwa. Ikiachwa juani na mvuani, naitrojeni yake huruka hewani au huchukuliwa na maji, na mkulima hubeba shambani takataka isiyo na nguvu. Na irundikwe kivulini, ifunikwe kwa nyasi, igeuzwe mara kwa mara, na ikae miezi 3 au zaidi. Samadi iliyo tayari ni nyeusi, imepoa, humenyeka mkononi, wala hainuki kinyesi.

Tena, mbolea bila matuta ni kulisha mto. Katika miaka ya 1930 Machakos ilijulikana kwa mashamba yaliyomomonyoka. Baadaye watu wake, wengi katika vikundi vya mwethya, walichimba matuta kwa majembe yao. Wachunguzi Tiffen, Mortimore na Gichuki walieleza katika kitabu kilichotolewa mwaka 1994 kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua. Mwenye kutia samadi katika mteremko usio na tuta hupoteza urithi huo.

Mwisho ni hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme, kwa mfano tu, kitalu kisicho na mbolea chatoa mafungu 20, na chenye mbolea mafungu 35, na kila fungu lauzwa shilingi 10. Nyongeza ni shilingi 150. Ikiwa mbolea na kazi yake zimegharimu shilingi 60, faida ni shilingi 90. Ikiwa zimegharimu shilingi 160, mboga zimependeza macho, lakini mkulima amepata hasara ya shilingi 10.

Kwa hiyo mwenye busara hatatia shamba lake lote mbolea kwa kusikia maneno ya jirani. Atapanda vitalu 2 sawasawa, siku moja na kwa mbegu moja, kimoja chenye mbolea na kimoja bila. Atapima mavuno ya kila kimoja na kuandika gharama zake. Vitalu hivyo viwili vitamwonyesha, kabla ya mwezi kupita, ikiwa mbolea yaleta faida katika udongo wake mwenyewe.