Kimya cha Mshiriki si Ushahidi wa Kuelewa: Namna ya Kuwasaidia Watumishi Wakimya katika Mafunzo ya Mtandaoni

Makala haya ni somo fupi kwa wakuu wa idara na vitengo, wawezeshaji wa mafunzo na watumishi wote wa ngazi ya kata, kijiji na kituo cha kutolea huduma. Nayaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Wakati fulani niliandika habari kuhusu mafunzo ya nusu siku yaliyotolewa kwa njia ya mtandao, yaliyohusu taarifa za dawa na vifaa tiba katika zahanati na vituo vya afya. Nilimaliza habari hiyo kwa sentensi niliyoiona nzuri: “Washiriki wote wameelewa, na hakuna aliyekuwa na swali.” Nilikuwa nimeketi kando ya mwezeshaji nikihesabu majina kwenye skrini. Kila alipomaliza kipengele aliuliza, “Tupo pamoja?” Sauti tatu au nne, zilezile, ziliitikia, “Tupo pamoja!” Naye akaendelea.

Usiku ule nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mtumishi wa zahanati moja ya pembezoni: “Samahani kwa usumbufu, Afisa Habari. Sikupenda kuuliza mbele ya wakubwa. Dawa tulizoazima kituo cha jirani tunaziandika wapi?” Nilimpelekea mwezeshaji swali hilo. Akajibu kwamba dawa hizo huandikwa katika sehemu ya marekebisho, kisha akakiri kuwa kipengele hicho alikipita haraka. Taarifa zilipowasilishwa, vituo kadhaa vilikuwa vimekosea mahali hapohapo.

Kosa hilo si dogo. Kituo kikiazima dawa kisiziandike, hesabu itaonyesha kuwa kimetumia dawa chache kuliko kilizotumia kweli. Agizo linalofuata kwenda Bohari ya Dawa (MSD) litapungua, na rafu itakuwa tupu kabla ya wakati. Anayelipa gharama ni mama aliyetembea na mtoto mwenye homa, akafika dirishani na kuambiwa dawa zimekwisha. Swali ambalo halikuulizwa mchana lilikuwa na thamani kubwa kuliko habari yangu nzima.

Kwa nini mafunzo yamehamia mtandaoni

Kazi nyingi za halmashauri leo hufanyika katika mifumo ya kielektroniki. Mipango na bajeti huandaliwa katika PlanRep, na fedha za vituo husimamiwa kupitia FFARS. Ununuzi umehamia NeST, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS. Utendaji wa mtumishi nao hupimwa katika PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS. Kila mfumo mpya huja na mafunzo yake. Kwa upande wa elimu, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilikabidhiwa kwa walimu, na vimerahisisha kujifunza wakiwa vituoni.

Katika mikoa yetu ya Mbeya na Iringa faida ya utaratibu huu iko wazi. Mtumishi wa milimani Kilolo, wa Chunya au wa Busokelo haachi kituo chake siku mbili kwa ajili ya kikao cha saa tatu, wala hasubiri barabara ikauke wakati wa masika. Hata hivyo, ukumbini mwezeshaji huona uso uliokunjamana na kumfuata mwenye uso huo wakati wa chai. Mtandaoni huona jina tu.

Mtumishi mkimya ni nani

Mwaka 1921 mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi, Carl Gustav Jung, alichapisha kitabu kilichoeneza mgawanyo wa watu katika hulka mbili: wanaoelekea nje na wanaoelekea ndani. Kwa maelezo mepesi, wa kwanza hupata nguvu katika mazungumzo na watu wengi, nao hufikiri huku wakisema. Wa pili hufikiri kwanza ndipo waseme, na baada ya mkusanyiko mrefu huhitaji utulivu ili wajipange upya. Wengi wetu tuko mahali fulani katikati.

Hulka hii si ugonjwa, si uvivu wala si dharau. Wala si kitu kimoja na woga, kwa kuwa mkimya anaweza kuwa jasiri kabisa. Aidha, si kila aliyenyamaza ni mkimya kwa hulka. Mmoja amekatika mtandao, mwingine bando limekwisha. Yupo anayehudumia mgonjwa huku anasikiliza, na yupo aliyelelewa kwamba mdogo hazungumzi mbele ya wakubwa hadi aombwe. Kimya kina vyanzo vingi, na mwezeshaji hapaswi kukichukulia kuwa jibu la “ndiyo” wala la “sijui”.

Yale yanayomchosha

Katika makala aliyoichapisha mwaka 2021, Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitaja sababu nne za uchovu wa mikutano ya video: kutazamwa na nyuso nyingi kwa ukaribu, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa pasipo kusogea, na kutumia akili nyingi zaidi kutuma na kusoma ishara ambazo ana kwa ana huja zenyewe. Uchovu huu humpata kila mtu, lakini humlemea zaidi yule ambaye mkusanyiko wa watu wengi tayari humchosha.

Jambo la pili ni haraka. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe wa Marekani alibaini kuwa walimu wengi husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza swali. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza kujibu. Mtandaoni, ambako sauti huchelewa na kipaza sauti lazima kifunguliwe kwanza, sekunde moja haimtoshi yeyote.

Jambo la tatu ni imani kwamba mawazo bora huzaliwa katika mjadala wa pamoja peke yake. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne waliojadiliana na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliofikiri peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Katika mjadala anasema mmoja, wengine wanasubiri zamu, na wakati wa kusubiri wazo hupotea.

Hatua sita kwa mwezeshaji

Kwanza, tuma mada na maswali ya majadiliano siku mbili kabla. Anayefikiri kwanza atafika akiwa amejiandaa, na mwenye mtandao dhaifu atakuwa na maandishi ya kurejea.

Pili, badala ya “Tupo pamoja?”, toa zoezi dogo. Kwa mfano: “Zahanati imeazima dozi 30. Andika zinakoingia.” Majibu kumi ya maandishi yatakuonyesha ukweli ambao viitikio mia haviwezi kuuonyesha.

Tatu, uliza kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi. Waombe wote waandike majibu kwanza, kisha wanaopenda wayaeleze kwa sauti.

Nne, usimshtukize mtu kwa kumwita jina mbele ya wote. Ukihitaji mchango wake, mwandikie faragha mapema: “Mwalimu, baada ya kipengele hiki ningependa utueleze mnavyofanya shuleni kwenu.” Atakuja na hoja iliyokamilika.

Tano, gawa washiriki katika makundi ya watu watatu au wanne, ikiwezekana wa cheo kinacholingana. Muuguzi atasema mbele ya wauguzi wenzake yale asiyoyasema mbele ya mkuu wa idara. Kamera iwe hiari, isipokuwa pale zoezi linapoihitaji. Hatua hii pia huokoa bando.

Sita, acha mlango wa maswali wazi kwa saa 48 baada ya kikao, kwa namba moja ya simu inayojulikana. Kisha kusanya maswali yote, uyajibu kwa maandishi na kuyasambaza kwa wote bila kutaja majina ya waliouliza.

Wajibu wa mtumishi mwenyewe

Kumsaidia mkimya si kumsamehe wajibu. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Iwapo kusema mbele ya watu wengi kunakulemea, andika swali lako wakati somo likiendelea, litume kwa ujumbe, au mpigie mwezeshaji kabla ya siku kuisha. Usilale na swali linalogusa dawa, fedha au haki ya mwananchi. Nanyi wasemaji wepesi, mchango wenu ni wa thamani. Lakini mkishasema mara mbili, wapisheni wengine.

Viongozi nao wana sehemu yao. Mkuu wa idara akisema, “Hata mimi hapa sijaelewa,” huwafungulia wengi kinywa. Akicheka swali la mdogo wake, hufunga vinywa vya mwaka mzima.

Maswali ya kutafakari kazini

1. Katika mafunzo ya mwisho uliyohudhuria, ni watu wangapi waliozungumza, na walikuwa sehemu gani ya washiriki wote?

2. Je, katika kituo au idara yako mtumishi anaweza kuuliza swali bila kusimama mbele ya wote? Ni kwa njia gani?

3. Ni kosa gani la kiutendaji lililotokea hivi karibuni ambalo swali moja lingeliepusha?

Kwa upande wangu, siandiki tena “hakuna aliyekuwa na swali” kama sifa ya mafunzo. Sasa habari zangu hutaja maswali mangapi yalipokelewa, yakiwemo yale ya usiku, na mangapi yamejibiwa. Mtumishi yule wa zahanati hajawahi kufungua kipaza sauti hadi leo, lakini swali lake sasa limo katika ukurasa wa kwanza wa maelekezo tunayovitumia vituo vyote.