Nyumba ya Kupokea Watalii: Ni Nani Atakayeilipia Mwaka wa Pili?

Ndugu wakulima, wengi wenu katika skimu za makazi mnakaa karibu na njia za watalii. Watu wa Shimba Hills huko Kwale wana hifadhi yenye palahala mlangoni pao. Watu wa Lambwe wamepakana na Mbuga ya Ruma, na wale wa Kinangop huamka asubuhi wakiitazama milima ya Aberdare. Kwa hiyo si ajabu kusikia katika baraza mtu akisimama na kusema, “Sisi pia tujengewe kituo cha wageni.” Ombi hilo si baya. Lakini yafaa kwanza tujue fedha za kituo kama hicho hutoka katika mfuko gani, na ni nani atakayelipa mlinzi na maji baada ya utepe kukatwa.

Ili kujifunza jambo hili, mwezi huu twende Nairobi, katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Mnaijua mitaa hiyo hata kama hamjafika, maana kabichi na viazi vyenu huliwa huko, na vijana wenu wengi wamepanga vyumba huko.

Kibera iko kusini-magharibi ya mji. Walioanzisha makao pale ni askari Wanubi wa jeshi la King’s African Rifles na jamaa zao, waliopewa kukaa mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe katika lugha yao maana yake ni msitu. Mji ulipokua, watu wa kila kabila walikuja, na leo vyumba vya mabati na udongo vimebanana kandokando ya reli. Kawangware iko magharibi, upande wa Dagoretti, nayo pia ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, wenye soko kubwa la mboga na nguo. Maisha ya mitaa hiyo miwili hayatofautiani sana. Lakini watalii huenda Kibera, na Kawangware huenda wachache mno.

Kwa nini? Si kwa sababu Kibera ina kitu cha kutazama kisichopatikana Kawangware. Ni kwa sababu ya jina. Mwaka 2005 ilitoka filamu ya Kiingereza, The Constant Gardener, ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera. Mwaka 2006 Barack Obama, wakati huo akiwa seneta wa Marekani, alikuja na kuzungumza na watu pale. Januari 2007 maelfu ya wageni walikuja Nairobi kwa mkutano wa World Social Forum, na wengine wakataka kuiona Kibera kwa macho yao. Tangu miaka hiyo, matembezi ya watalii yakawa biashara. Mgeni humlipa mwenye kampuni, mara nyingi kabla hajafika, hutembezwa saa mbili au tatu vichochoroni, huonyeshwa reli na karakana za shanga na mifupa, kisha huondoka. Kijana anayemwongoza hupata ujira wake, na fundi wa shanga akibahatika huuza mkufu. Mama ambaye mlango wake umepigwa picha hapati kitu.

Jambo hili limeleta maneno. Mwaka 2010 Kennedy Odede, mwana wa Kibera aliyeanzisha shirika la SHOFCO, aliandika katika gazeti la New York Times kuyapinga matembezi hayo. Alieleza jinsi alipokuwa na umri wa miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba yao na njaa tumboni, mgeni alivyompiga picha kisha akaenda zake. Wako wengine, hasa vijana wanaoongoza wageni, wanaosema kwamba kazi ni kazi, na kwamba mgeni aliyetembea na mwenyeji huondoka akijua zaidi kuliko aliyesoma gazetini. Mimi naona pande zote mbili zina haki, na ugomvi wao hautaisha mpaka pawe na mahali pa wazi ambapo mgeni anapokelewa, analipa, anaandikwa daftarini, na kuambiwa nani apigwe picha na nani asipigwe. Mahali hapo ndipo panapoitwa kituo cha wageni.

Sasa tuangalie mfuko. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Sera ya utalii ya nchi nzima ni ya Serikali ya Taifa. Utalii wa mahali ni kazi ya Kaunti. Basi kituo cha wageni cha Kibera, au cha Kinangop, ni jambo la kupelekwa Kaunti kwanza. Watu wengi hukosea hapa na kumwendea Mbunge, wakidai fedha za mfuko wa maeneo ya bunge. Sheria ya mfuko huo ya mwaka 2015 iliufunga kwenye kazi za Serikali ya Taifa peke yake, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba hata hivyo mfuko huo haupatani na Katiba.

Uko pia Mfuko wa Utalii, uliowekwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Huo hulishwa na tozo ya asilimia 2 ya mapato ya hoteli na mikahawa. Tozo si ngeni. Ilianza miaka ya 1970, na ilisaidia kukiendesha Chuo cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975. Angalia maana yake kwako wewe mkulima. Ukienda mjini ukala katika hoteli inayotozwa, sehemu ndogo ya pesa zako inaingia katika mfuko huo. Usifikiri basi kwamba fedha za utalii ni za wazungu wenye kamera. Ni zako pia, na unayo haki ya kuuliza zinakokwenda.

Kabla hatujaomba nyumba, tutazame nchi iliyokuwa na nyumba hizo nyingi. Scotland ina shirika la umma la utalii, VisitScotland. Mwaka 2024 shirika hilo lilitangaza kwamba litafunga vituo vyake vyote 25 vya kuwapa wageni habari, kwa muda wa miaka miwili. Sababu iliyotolewa ni rahisi kuelewa: watalii wengi siku hizi hupanga safari kwa simu na kompyuta kabla ya kutoka kwao, na huja wakijua njia. Nchi tajiri imeona haina faida kumlipa mtu mshahara agawe ramani. Je, sisi tujenge kibanda cha kugawa ramani? La. Tukijenga, kiwe na vitu ambavyo simu haina: choo safi, maji, kivuli, mahali pa kuuzia asali na vikapu, na mwongozaji anayejulikana kwa jina.

Kibera yenyewe ina mfano mzuri, ingawa haukujengwa kwa ajili ya watalii. Mtaani Katwekera, na mahali pengine, shirika la Umande Trust pamoja na vikundi vya wenyeji walijenga nyumba za vyoo zinazotoa gesi. Chini ni vyoo na bafu, na mtumiaji hulipa shilingi chache. Uchafu huingia katika shimo lililofunikwa na kutoa gesi ya kupikia. (Wenye josho na ng’ombe wa maziwa, mtambo huo mnaujua, wenu hula samadi.) Juu ni ukumbi unaokodishwa kwa mikutano. Nyumba ya namna hiyo haimngojei mtalii. Mvua ikinyesha na watalii wasije, mwenyeji bado anahitaji choo. Mtalii akija, yeye ni faida juu ya faida.

Jambo la ardhi pia lisipuuzwe. Julai 2018 nyumba nyingi na shule kadhaa zilibomolewa Kibera ili barabara ipite, na waliojenga hawakuwa na hati za kuonyesha. Mwaka mmoja nyuma yake, 2017, Wanubi walikuwa wamepewa hati ya jamii ya ekari 288, baada ya kuidai kwa miaka mingi sana. Katika skimu zenu, viwanja vya umma vilitengwa siku ya kupima, vya shule, josho na soko. Nendeni ofisi ya ardhi mkaangalie kama kiwanja bado kimeandikwa kwa jina la umma. Fedha za Serikali hazina haki ya kuwekwa juu ya kiwanja chenye kesi.

Sasa hesabu. Chukueni kalamu. Takwimu hizi nimeziweka mimi kwa kufundishia tu. Ninyi mtaweka zenu. Tuseme kituo kidogo kina wafanyakazi wawili, kila mmoja shilingi 18,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 432,000 kwa mwaka. Maji na umeme shilingi 6,000 kwa mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka. Rangi, kufuli na kukarabati paa, 36,000. Jumla ni shilingi 540,000 kila mwaka, hata kama hakuna mgeni mmoja aliyefika.

Mgeni akilipa kiingilio cha shilingi 200, mtahitaji wageni 2,700 kwa mwaka. Hao ni zaidi ya saba kila siku, Jumapili na siku za masika zikiwemo. Tuseme mnapata sita kwa siku, kwa siku 300. Hao ni 1,800, nao wataleta shilingi 360,000. Pengo ni 180,000. Mkijenga vibanda vinane na kuvikodisha kwa shilingi 1,500 kwa mwezi, mtapata 144,000. Linabaki pengo la 36,000, na hilo dogo ndilo la kuiomba Kaunti kila mwaka, mbali na gharama ya kujenga. Kawangware, ambako wageni ni wachache lakini wachuuzi ni wengi, hesabu ingegeuka: vibanda na choo vingebeba karibu mzigo wote. Skimu nyingi, kwa maoni yangu, zinafanana na Kawangware kuliko Kibera.

Ugumu uko hapa. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 inataka kila Kaunti itenge asilimia 30 au zaidi ya makadirio yake kwa maendeleo, na ukuta mpya huhesabiwa kuwa maendeleo. Mshahara wa mlinzi huhesabiwa katika matumizi ya kawaida, na hakuna mkubwa anayealikwa kuufungua. Kwa hiyo majengo hupatikana upesi kuliko watu wa kuyafungua kila asubuhi. Ombi lenu liwe la mambo mawili pamoja, kwa barua moja: fedha za kujenga, na kifungu cha kila mwaka cha kuendesha.

Barua hiyo ina wakati wake, kama mahindi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, kwa hiyo jambo lisiloingia humo ni vigumu kuingizwa baadaye. Karatasi ya mkakati wa fedha hupelekwa kufikia Februari 28, na makadirio yenyewe kufikia Aprili 30. Kati ya tarehe hizo wananchi wanapaswa kuitwa kutoa maoni, kwa sababu Katiba, kifungu cha 201, inataka mambo ya fedha yawe wazi na wananchi washirikishwe. Kaeni kikao cha skimu mwezi wa Juni au Julai, andikeni hesabu yenu kama tulivyofanya hapa, ambatisheni nakala ya hati ya kiwanja, na mpeni Mwakilishi wa Wadi nakala moja. Nakala ya pili ipelekeni kwa karani wa Bunge la Kaunti, naye awagongee muhuri wa tarehe kwenye nakala ya tatu, ambayo mtaiweka wenyewe.