Samaki mwenye risasi: si lazima uugue ndipo ushtaki

Mvuvi au mama karanga, yule muuza samaki wa kukaanga, anayelalamika kwamba maji machafu ya kiwandani yanamwagwa horini huulizwa swali moja katika ofisi ya mazingira: ni nani aliyeugua? Akikosa cheti cha daktari, faili hufungwa. Huo ndio mtego, na huwanasa wengi kwa kuwa swali lenyewe linasikika la haki. Madini ya risasi na zebaki hujikusanya mwilini polepole, na mtoto ndiye huumia zaidi, ubongo wake ukiwa bado unakua. Kumsubiri mgonjwa ni kusubiri madhara yasiyotibika. Ndiyo maana Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya kinasema anayedai haki ya mazingira safi halazimiki kuthibitisha kwamba mtu yeyote amepata hasara au ameumia. Ofisa anayekudai cheti ama hajakisoma kifungu hicho, ama kuna mtu anamkinga. Tena uzembe wake una bei: katika kesi ya sumu ya risasi katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, mahakama mwaka 2020 iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na kuibebesha Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) yenyewe asilimia 40. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Basi anza kwa kuiandikia ofisi hiyo barua, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri, udai matokeo ya vipimo vya maji na samaki wa hori lenu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Kuna wanaosema madai haya yatawafukuza wateja na kuwaua wavuvi njaa. Hofu hiyo naielewa, lakini kinachowaponza wavuvi ni uvumi, nao hustawi pale vipimo vinapofichwa. Tena samaki hawalingani kwa sumu wanayobeba. Zebaki hukaa kwenye nyama, hasa ya samaki wakubwa wawindaji kama papa na samsuli, na kuchemsha hakuiondoi. Floraidi nayo, ikiwa imo majini, hujikita mifupani, kwa hiyo dagaa anayeliwa mzima si sawa na mnofu wa changu. Matokeo yakitaja aina ya samaki na mahali alipovuliwa, mvuvi wa maji safi anauza bila wasiwasi, na mwenye bomba la maji machafu anajulikana. Mvuvi huyo huyo ana haki ya kumshtaki.

Sheria nayo ina lawama. Samaki anayepelekwa Ulaya hakubaliwi akizidisha miligramu 0.3 za risasi kwa kilo, na mnunuzi wa kule anadai karatasi. Anayenunua soko la Kongowea, Mombasa, haonyeshwi karatasi yoyote. Kwa floraidi, kikomo tunachokisikia ni cha maji ya kunywa, miligramu 1.5 kwa lita, kana kwamba mwili huihesabu ile ya kwenye sahani kando. Kumwachia raia aombe kwa barua kile ambacho serikali ingepaswa kukibandika kwenye kila banda la samaki ni kumtwika kazi ya mkaguzi anayelipwa kwa kodi yake. Bunge liamuru vipimo hivyo vifanywe na vitangazwe, kwa Kiswahili, pale samaki anapouzwa.